Sababu ya Kujitoa

Fomu ina kisanduku kimoja kidogo,
juu yake pameandikwa: Sababu ya kujitoa.
Nimeandika joto. Nimelikata.
Nimeandika mchanga wa Kimbiji. Nimeukata.
Karatasi imeanza kutoboka.

Alfajiri pale Mjimwema, taa za bandari ng'ambo hazijazimwa,
Mwinjuma aliniambia, ndoo mkononi:
"Tarishi kabakiza pumba."
Nikamjibu, farasi naye ana siku zake.
"Na maji kanywa nusu."
Nikatia mguu kwenye kikuku.

Kilomita themanini.
Nilishamtambia shemeji, nilishapiga picha.

Kufika Gezaulole masikio yalikuwa yamelala pembeni.
Niliyaona. Nikasema ni upepo.
Tulipoipita mikorosho akaanza kujikwaa,
mguu wa nyuma, wa kushoto, mara moja, mara mbili,
nikahesabu hadi sita, kisha nikaacha kuhesabu
maana mbele niliona vumbi la mtu.

Jina lake Tarishi, mleta habari,
na habari alizileta zote.
Shingo ilipokauka jasho
katika jua la kutokota ubongo
alikuwa ananisomea barua kwa sauti,
nami nikamgonga ubavuni kwa kisigino.

Kituo cha pili, Daktari Nsiande
akaweka kipimo nyuma ya kiwiko cha farasi,
akatazama saa yake, midomo ikihesabu.
"Themanini na nne.
Kikomo ni sitini na nne. Mna dakika ishirini."

Tukamwaga maji. Tukakwangua, tukamwaga tena.
Dakika ishirini: sabini na sita.
Akafinya ngozi ya bega, ngozi ikabaki imesimama
kama hema lililosahauliwa na wenyewe.
Akasikiliza tumbo.
"Kushoto kimya." Akazunguka.
"Kulia kimya."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipopata mbio.
Jua, nikasema. Njia imebadilishwa, nikasema.
Mfua chuma aliyempigia viatu, wiki iliyopita, Tegeta.
Na huyu Mwinjuma naye hakuni...
Mwinjuma alikuwa anakamua sponji.
Hakuinua uso. Aliendelea kukamua
hata maji yalipokwisha.

Daktari akauliza, kipimo bado masikioni:
"Juu alikuwa nani?"

Kwetu husema, heri punda afe, mzigo wa bwana ufike.
Nimeusema msemo huo mara ngapi, tena kwa kicheko,
sijawahi kuuliza mzigo wenyewe ni nini.
Basi nikautazama.
Haukuwa gunia la mkaa, wala madumu ya maji
yanayosubiriwa na mgonjwa.
Ulikuwa kilo themanini na moja pamoja na tandiko,
una kofia mpya,
una miguu miwili mizima
ya kushukia.

Usiku tulitundika dripu kwenye tawi la mkorosho.
Mfuko wa kwanza, wa pili, wa tano.
Mwinjuma alimtembeza kwa hatamu, duara dogo,
akimsemesha Kizaramo ambacho mimi sikijui
na farasi anakijua.
Nilijaribu kupokea hatamu. Tarishi akasimama.
Nikazirudisha.

Saa tisa kasoro akainua mkia
akadondosha vinyesi vinne, vikavu, vidogo kama limau.
Mwinjuma akacheka peke yake gizani.
Daktari akapiga magoti na tochi, akavitazama
kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.
Furaha ile haikuwa yangu, nilisimama kando yake
kama mpita njia kwenye harusi.
Nikaenda kuchukua koleo.

Sasa kumekucha, na kisanduku ni kidogo.
Nimeibana kalamu, nimeandika jina langu, Evarist,
na chini yake neno moja:
Niliambiwa.

Mwinjuma kaipokea, kaisoma taratibu,
kanirudishia.
"Tarehe hujaweka."